Gadi aliyefungiwa: kisa cha mchezaji wa mstari aliyetaka kuwa karibu na baba yake mgonjwa

Kisa na kilipotoka

Kisa hiki ni cha mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyecheza kulipwa kati ya mwaka 1938 na 1947, na shauri lake likaja kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1957. Mimi hukitumia kila ninapokaa na vijana wanaokaribia kusaini mkataba wao wa kwanza, wachezaji na wasio wachezaji. Sijapata kisa kingine kinachoonyesha wazi hivi tofauti kati ya ugomvi wa watu wawili juu ya mkataba na makubaliano ya waajiri wote dhidi ya mfanyakazi mmoja. Mambo haya mawili yanafanana kwa nje, na anayeyachanganya hupotea njia tangu siku ya kwanza.

Jina lake nimeliacha, pamoja na majina ya klabu na wenye klabu. Nitamwita Gadi, kwa nafasi aliyocheza uwanjani. Ligi, mahakama, miaka na fedha nimeziweka kama zilivyo, kwa kuwa bila hizo kisa hakimfundishi mtu kitu.

Jambo moja lijulikane mapema. Shauri lilitupwa na mahakama ya mwanzo kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Kwa hiyo mahakama za juu zilipima madai ya Gadi kama yalivyoandikwa, zikiyachukua kuwa ni kweli kwa ajili tu ya kuamua hoja ya sheria. Ninayoyasimulia juu ya kufungiwa kwake ndiyo hayo madai. Hayakupata kuthibitishwa mbele ya baraza la mahakama, wala kukanushwa.

Kazi isiyohesabiwa

Kwa asiyeujua mchezo huu: kila timu huingiza watu 11, na kila shambulizi huanza mpira ukiwa chini. Upande wenye mpira lazima uweke watu saba mstari wa mbele. Katikati yuko anayeurusha mpira nyuma kupitia miguuni mwake, na kushoto na kulia kwake wako magadi wawili.

Gadi huinama, huweka vidole vya mkono mmoja kwenye majani, hunyanyua macho na kumtazama mtu mwenye mwili kama wake aliyeinama vilevile, hatua moja mbele yake. Mpira ukitikisika, wanavaana. Kazi yake ni kumsukuma huyo mtu pembeni ili mwenzake aliyebeba mpira apite kwenye upenyo, au kumzuia asimfikie mpiga pasi. Kisha anarudi, anainama tena. Makumi ya mara kila mchezo, jumapili hadi jumapili, kwenye tope la vuli na barafu ya mwanzo wa baridi. Enzi hizo kofia ilikuwa ya ngozi na uso ulikuwa wazi. Na mtu yuleyule alishambulia na kulinda pia: mpira ukichukuliwa na wapinzani, hakutoka nje kupumzika, aligeuka tu upande. Ruhusa ya kubadilisha wachezaji bila kikomo iliwekwa kwa kudumu kwenye ligi kubwa mwaka 1950, Gadi akiwa ameshaondoka.

Naeleza haya kwa sababu yanahusika na yaliyomfika. Mkimbiaji huhesabiwa yadi, mpokeaji huhesabiwa pasi, mfungaji huhesabiwa pointi. Gadi hakuhesabiwa chochote. Kanuni haikumruhusu hata kupokea pasi. Thamani yake waliijua makocha na wale aliogongana nao, na basi. Mtu wa namna hiyo akifungiwa mlango, hakuna uwanja utakaopiga kelele arudishwe.

Mkataba na waliokuwa nyuma yake

Mwaka 1938 Gadi alitoka chuo kikuu akasaini na klabu ya NFL, ligi kubwa ya futiboli ya kulipwa, katika mji wa viwanda vya magari kaskazini mwa nchi. Ligi hiyo ilikuwa na klabu 10. Mkataba ulikuwa wa aina moja kwa wachezaji wote wa ligi, na kifungu kinachotuhusu kilisema kwamba mchezaji hatachezea klabu nyingine bila idhini ya klabu inayoushika mkataba wake.

Kifungu hicho peke yake si cha kutisha. Mwajiri yeyote angependa mtu aliyemlipa amalize muda wake. Nguvu yake ilitoka nje ya karatasi. Kwa mujibu wa madai, klabu zote zilikuwa zimekubaliana kwamba mchezaji atakayekivunja atafungiwa na wote, na klabu mwanachama itakayempokea itaadhibiwa vikali. Kwenye karatasi Gadi aliona sahihi mbili, yake na ya klabu yake. Sahihi za wale wengine tisa hazikuonekana, lakini zilikuwapo.

Mambo yalivyokwenda

Alicheza misimu minne, 1938 hadi 1941. Vita vikaingia, akaenda kutumikia jeshi la wanamaji. Aliporudi alicheza msimu wa 1945 kwa klabu ileile. Kufikia hapo alikuwa amepita umri wa miaka 30, na kwa mchezaji wa mstari aliyekwishapoteza misimu mitatu vitani, kilichobaki cha kucheza kilikuwa kidogo.

Mapema mwaka 1946 mambo mawili yalikutana. Klabu iliyokuwa bingwa wa NFL mwaka 1945 ilihamia Los Angeles kutoka Cleveland, na kwa mara ya kwanza ligi hiyo ikawa na timu ya kudumu kule pwani ya magharibi. Na baba yake Gadi, aliyekuwa upande huohuo wa nchi, alikuwa mgonjwa. Toka mji wa magari hadi Los Angeles ni zaidi ya kilomita 3,000. Mtu hawezi kucheza kaskazini jumapili na kumuuguza mzazi magharibi jumatatu.

Gadi akaomba ahamishwe, abaki ndani ya ligi ileile, aende kwenye klabu ya Los Angeles. Tafadhali msomaji ulishike hili. Hakuanza kwa kuvunja mkataba. Alianza kwa kuomba, na alichokiomba kilikuwa kinawezekana, kwa sababu klabu za NFL zilikuwa zikibadilishana na kuuziana wachezaji kila mwaka.

Klabu ikakataa.

Mwaka huohuo ligi mpya ilikuwa inaanza, All-America Football Conference, yenye klabu nane, moja yao Los Angeles. Ilikuwa na wenye fedha nyuma yake na ilihitaji wachezaji waliokwishajulikana. Gadi akasaini nao, akacheza misimu ya 1946 na 1947. Hapo ndipo alipouvunja mkataba wake na klabu ya kaskazini, na mahakama zote baadaye zililisema hilo bila kuficha.

Mwaka 1948 akapata nafasi nyingine. Klabu ya San Francisco, iliyokuwa kwenye ligi ndogo ya pwani ya Pasifiki, ilitaka kumwajiri kama mchezaji na kocha kwa pamoja. Kwa mtu wa miaka 33 anayetafuta namna ya kutoka uwanjani bila kuuacha mchezo, kazi ya namna hiyo ni daraja: unacheza huku unafundisha, miguu ikichoka unabaki na ufundishaji. Ligi hiyo ndogo haikushindana na NFL. Ilikuwa mshirika wake.

Ndipo NFL ilipowaarifu San Francisco kwamba mtu huyo amefungiwa, na kwamba klabu yoyote mshirika itakayemchukua itapata adhabu kali. San Francisco wakarudi nyuma. Hawakumkataa uchezaji tu. Walikataa kumwajiri kwa kazi yoyote ile.

Maamuzi na sababu zake

Klabu ya kaskazini ilikuwa na hoja. Ukimwachia huyu kwa sababu ya baba mgonjwa, kesho atakuja mwingine na mama mgonjwa, na kesho kutwa mwingine na mke asiyependa baridi. Mwenye klabu anayeanza kupima shida za nyumbani za wachezaji wake anajiingiza mahali pagumu. Naielewa hoja hiyo, lakini siikubali, kwa sababu kulikuwa na njia ya tatu ambayo haikumgharimu kitu: kuwauzia Los Angeles mkataba, au kuwaomba mchezaji mwingine badala yake. Kwa kukataa moja kwa moja klabu ilipoteza gadi bora na haikupata badala yake hata senti.

Gadi naye alikuwa na njia chache. Angebaki kaskazini na kumwacha mzee. Angeacha mpira kabisa na kwenda nyumbani kutafuta kazi nyingine. Au angevuka kwenda ligi mpya. Alivuka. Nimeulizwa mara nyingi kama alikosea, na jibu langu halijabadilika: kimkataba alikosea, na kosa hilo lilikuwa na tiba yake ya kawaida. Klabu ingekwenda mahakamani kudai fidia, au kuomba amri ya kumzuia asichezee wengine. Njia hiyo haikuwa ngeni, maana tangu mwaka 1902 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ilikuwa imemzuia mchezaji wa beseboli kuchezea klabu nyingine baada ya kuvunja mkataba. Mlango wa mahakama ulikuwa wazi kwa klabu ya kaskazini. Kufungiwa kulikuja badala yake, na kufungiwa hakuna hakimu wala rufaa.

Uamuzi wa NFL mwaka 1948 ndio ninaouona mbaya kuliko yote. Ligi mpya ilikuwa adui wa kweli. Ilikuwa ikiwachukua wachezaji na kupandisha mishahara, na kuwaadhibu waliovuka kulikuwa na mantiki ya vita vya biashara. Lakini Gadi hakuwa anaomba kurudi NFL, wala hakuwa anakwenda kuiimarisha ligi pinzani. Alikuwa ameshatoka huko. Kazi ya San Francisco haikumdhuru mtu yeyote. Kumfuata hadi pale kulikuwa na maana moja tu, kuwaonyesha wengine.

Kuhusu San Francisco nina huruma. Ilikuwa klabu ndogo katika ligi iliyokuwa inakata roho, na kweli ligi hiyo ilisimama baada ya msimu wa 1948. Kukaidi ligi kubwa kwa ajili ya mchezaji mmoja anayeelekea mwisho wa safari yake kungehitaji ujasiri wa aina ambayo mwenye duka dogo hawezi kudaiwa. Hata hivyo, ni vizuri kuona jinsi mambo yalivyofanya kazi. Aliyefunga mlango kwa mkono wake alikuwa yule aliyetaka kuufungua.

Mahakamani

Mwaka 1949 Gadi alifungua shauri dhidi ya NFL na wenzake, katika mahakama ya shirikisho kaskazini mwa California. Mawakili wake hawakusimama juu ya ubaya wa mkataba. Hawakusema kwamba klabu ilimkosea kwa kumnyima uhamisho. Walikwenda kwenye sheria ya mwaka 1890 ya kuzuia ukiritimba, iitwayo Sheria ya Sherman, inayopiga marufuku makubaliano ya kubana biashara kati ya majimbo. Wakadai kwamba klabu zilikula njama kuhodhi biashara ya futiboli ya kulipwa, na kumsusia Gadi kulikuwa sehemu ya njama hiyo. Sheria hiyo humpa aliyeumizwa fidia mara tatu ya hasara yake. Hasara ikakadiriwa dola 35,000, dai likawa dola 105,000.

Mbele yao ulikuwepo ukuta. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba maonyesho ya beseboli ya kulipwa si biashara kati ya majimbo, kwa hiyo sheria ile haiyagusi. Mwaka 1953, shauri la Gadi likiwa bado njiani, mahakama hiyo ikarudia msimamo wake juu ya beseboli. Kama beseboli imeachwa nje, futiboli itaingiaje? Mahakama ya mwanzo ikalitupa shauri, na mwaka 1956 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo.

Ila mwaka 1955 kulikuwa na tukio ambalo wengi hawakulitilia maanani. Mahakama ya Juu ilikataa kuwapa waandaaji wa ndondi na wenye kumbi za maigizo kinga ile ya beseboli. Ufa ukaonekana. Mawakili wa Gadi walipofika Washington kujieleza, Januari 1957, serikali ya Marekani yenyewe ilisimama upande wao kama rafiki wa mahakama, yaani asiye mdai wala mdaiwa anayetoa maoni yake, ikiomba uamuzi wa chini ubatilishwe.

Tarehe 25 Februari 1957 uamuzi ukatoka, majaji sita kwa watatu. Gadi alishinda. Mahakama ilisema kwamba kanuni ya beseboli inabaki kwa beseboli peke yake, na futiboli, kwa ukubwa wa biashara yake kati ya majimbo, pamoja na matangazo ya redio na televisheni ambayo fedha zake zilikuwa zikiipeleka ligi mbele, iko chini ya sheria kama biashara nyingine. Majaji wengi walikiri kwamba kuubagua mchezo mmoja na mwingine hakuna mantiki ya kutosha, na kwamba kama suala la beseboli lingewafikia siku ile kwa mara ya kwanza wangeliamua tofauti. Wakasema kazi ya kulinyoosha hilo ni ya Bunge. Majaji watatu waliopinga walishika hapohapo: kama hamwoni tofauti, kwa nini mnaiweka?

Niliposoma uamuzi huu mara ya kwanza kilichonigusa ni sentensi zile fupi za mwanzo zinazoeleza maisha ya mtu huyu. Alisaini mwaka fulani, alikwenda vitani, aliomba uhamisho kwa sababu ya ugonjwa wa baba yake, alikataliwa. Jaji hakuongeza neno la huruma, na sentensi zile hazikulihitaji.

Matokeo

Kushinda Washington hakukumpa Gadi senti. Kulimpa haki ya kurudi mahakama ya mwanzo na kuanza kuthibitisha madai yake. Kesi haikusikilizwa. Pande mbili zilimalizana nje ya mahakama kwa dola 42,500.

Wengine walivuna zaidi. Mwishoni mwa 1956 wachezaji wa NFL walikuwa wameanzisha chama chao, na ligi ilikuwa haikitambui. Baada ya uamuzi wa Februari 1957 wachezaji walikuwa na silaha ambayo hawakuwa nayo mwaka uliopita: wangeweza kwenda mahakamani chini ya sheria ya ukiritimba, na walitishia kufanya hivyo. Kabla mwaka haujaisha, kamishna wa ligi alikitambua chama, na miongoni mwa waliyopata wachezaji ni kima cha chini cha mshahara cha dola 5,000. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa iliiondoa kanuni nyingine ya NFL iliyozuia uhamisho, na uhuru wa mchezaji aliyemaliza mkataba ulikuja mwaka 1993. Beseboli ilisubiri hadi 1998 Bunge lilipopitisha sheria ya kuwapa wachezaji wa ligi kuu haki ya kushtaki chini ya sheria ya ukiritimba kama wanamichezo wengine.

Kilichofaa na kilichoharibika

Lililofanya kazi kuliko yote ni namna shauri lilivyopangwa. Kama mawakili wangesema mkataba ulikuwa wa kinyonyaji, wangejibiwa kwamba mteja wao aliusaini akiwa mtu mzima na mwenye akili timamu, na kwamba ndiye aliyeuvunja. Wangeshindwa asubuhi moja. Kwa kuhamisha macho kutoka kwenye karatasi yenye sahihi mbili hadi kwenye makubaliano ya klabu zote, kosa la Gadi lilibaki mahali pake, likawa dogo. Sheria haikumuuliza kama ni msafi. Iliuliza kama waajiri wana haki ya kukaa pamoja na kuamua kwamba mtu fulani asile tena kwa kazi anayoiweza.

Ligi ilijaribu pia kusema kwamba umma haukuumia. Gadi mmoja kukosa kazi kunamdhuru nani? Mechi ziliendelea, watu waliingia uwanjani. Mahakama ikajibu kwamba Bunge lilishaamua makubaliano ya aina hiyo yana madhara kwa umma, na mdai hahitaji kulithibitisha upya. Hapa ndipo kazi isiyohesabiwa ilipopata kipimo cha sawa na nyingine. Kama angetakiwa kuonyesha kwamba watazamaji walipungua kwa sababu yake, mchezaji wa mstari asingeweza kamwe. Mfungaji pengine angeweza.

Kilichomsaidia pia ni kwamba alijua sababu. Wengi wanaofungiwa hawajui. Wanaambiwa nafasi imejaa, bajeti imepungua, kocha amebadilisha mfumo, na wanakwenda nyumbani wakidhani wamezeeka. Gadi alipewa ahadi ya kazi, kisha ahadi ikaondolewa kwa sababu iliyotajwa na kwa agizo lenye mtoaji anayejulikana. Ligi ingemnyamazia tu, ikamwachia San Francisco itafute kisingizio, sidhani kama shauri lingefika popote. Ndiyo maana nawaambia vijana: ukikataliwa kazi uliyokwishaahidiwa, uliza kwa nini, uliza kwa maandishi, na uhifadhi jibu hata kama limekuja kwa mdomo, kwa kuandika siku hiyohiyo nani alisema nini.

Kilichoharibika zaidi ni muda. Kutoka ombi la uhamisho hadi uamuzi ni miaka 11. Kisheria, kuchelewa kulimfaa, kwa sababu shauri lake lingefika juu kabla ya 1955 lingegonga ukuta wa beseboli na kuanguka. Kimwili, kuchelewa kulimmaliza. Fundi cherehani aliyefungiwa miaka kumi anaweza kurudi kwenye mashine yake. Mchezaji wa mstari hawezi. Wapenzi wa soka wanaikumbuka kesi ya Bosman wa Ubelgiji, aliyezuiwa kuhama mwaka 1990 mkataba wake ukiwa umekwisha na akashinda mwaka 1995: wachezaji wa Ulaya nzima walipata uhuru, na miaka yake mizuri ya kucheza ilikuwa imeshapita. Mahakama inaweza kurudisha haki. Goti na bega la mtu wa miaka 31 haiwezi kuyarudisha.

Swali linalobaki ni kama mwaka 1946 kulikuwa na njia nyingine. Ningekuwa mshauri wake ningemwomba asisaini kokote kabla ya ombi la uhamisho kuandikwa, likiambatana na barua ya daktari wa baba yake, na nakala ikafika kwa kamishna wa ligi. Ningezungumza na klabu ya Los Angeles kwanza ili ombi liende na pendekezo: mchezaji fulani badala ya huyu, au kiasi fulani cha fedha. Mwenye klabu anayeombwa fadhila hukataa kwa urahisi. Akiwekewa biashara mezani hulazimika kuhesabu. Na kama angekataa hata hivyo, ningemshauri Gadi avuke akiwa na barua ile mfukoni, kwa sababu anayevuka baada ya kuomba kwa utaratibu na anayevuka kimyakimya hawatazamwi sawa, si na hakimu wala na waajiri wengine. Hatuna hakika kwamba ingetosha. Mfumo ulijengwa usisikilize sababu yoyote, na baba mgonjwa alikuwa sababu yenye nguvu kama zilivyo sababu za binadamu.

Kuna wanaosema nidhamu ya namna ile ndiyo iliyoifanya NFL isimame. Bila kuwafunga wachezaji, wanasema, matajiri wawili watatu wangekusanya wachezaji wote bora na ligi ingekufa kwa kukosa ushindani. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mtu anayependa mchezo anataka kila jumapili matokeo yasijulikane mapema. Lakini katika kisa hiki hoja hiyo haina pa kukaa. Gadi aliomba kuhama ndani ya ligi, kwa ridhaa, kwa klabu ambayo ingeweza kutoa kitu badala yake. Na mwaka 1948 kazi iliyokuwa mezani ilikuwa nje ya ligi kabisa. Usawa wa ushindani katika NFL usingeguswa hata kidogo na gadi mzee anayefundisha vijana San Francisco.

Uamuzi ulipotolewa Gadi alikuwa na miaka 41. Ligi ya All-America ilikuwa imekufa tangu mwaka 1949, na klabu yake ya Los Angeles haikuwa miongoni mwa tatu zilizopokelewa NFL. Klabu ya San Francisco iliyotaka kumwajiri haikuwapo, wala ligi yake. Klabu ya kaskazini iliyomnyima uhamisho ilikuwapo, na mwezi Desemba mwaka huohuo ilitwaa ubingwa wa NFL.